Mheshimiwa Waziri, njoo ulione bweni letu usiku

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Gazeti hufika maktaba yetu likiwa limechelewa siku moja, wakati mwingine mbili. Wiki ile ya Septemba 2024 tulilisoma watano tukiwa tumeinamia ukurasa mmoja, hakuna aliyetaka kungoja zamu yake. Bweni la Hillside Endarasha Academy, kule Nyeri, lilikuwa limeteketea usiku wa tarehe 5, na wavulana 21 wakapoteza maisha. Watoto 156 walikuwa wakilala humo. Wengi wao walikuwa wadogo kuliko kitindamimba wetu nyumbani.

Usiku huo, kabla ya taa kuzimwa, nilichukua rula mbili za sentimita 30 nikapima nafasi kati ya kitanda changu na cha jirani. Rula ya pili haikuingia yote. Mwongozo wa usalama shuleni ambao Wizara yako iliutoa mwaka 2008 unataka mita 1.2, yaani rula nne. Unataka madirisha yasiwe na vyuma na yafunguke kwa nje. Unataka mlango kila upande wa bweni, na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yetu yana nondo nene kama kidole gumba. Mlango wa nyuma upo, ila umezibwa na vitanda viwili vya deka. Ule wa mbele hufungwa kwa nje saa nne usiku, na ufunguo huenda kulala getini kwa bawabu.

Mama yangu alikuwa mwanafunzi huku Pwani mwaka 1998, bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu lilipoungua. Hadi leo halali katika chumba kilichotiwa kufuli. Miaka mitatu baadaye ikaja shule ya Kyanguli, Machakos: wavulana 67 wamekufa, mlango mmoja umefungwa, madirisha yana vyuma. Mwaka 2017 wasichana 10 wakafa katika Moi Girls, Nairobi. Nilipozisoma habari hizi moja baada ya nyingine nililia, kwa sababu niliona bweni langu katika kila moja.

Sitaficha kwamba mara nyingine sisi wanafunzi ndio tunaowasha. Kyanguli ilikuwa hivyo. Aliyewasha ana kesi yake na ashtakiwe. Lakini moto ukishashika, uwe umetoka kwa kiberiti au kwa waya wa stima, anayetoka hai ni yule aliyepata mlango. Najua pia vyuma viliwekwa kwa nini: kuna wezi wa magodoro, na kuna wenzetu wanaoruka dirisha usiku. Basi aajiriwe mlinzi wa pili. Godoro hununuliwa tena.

Novemba 2024 Wizara yako ilitangaza kufunga mabweni ya shule za msingi 348 kwa kutotimiza masharti, na nilishukuru kwa dhati. Hata hivyo nina jambo la kukueleza kuhusu ukaguzi, kwa sababu nililishiriki kwa mikono yangu. Wakaguzi walipokuja kwetu, shule ilikuwa na habari tangu wiki iliyotangulia. Asubuhi ya siku hiyo tulibeba vitanda kumi na vinane hadi ghala lililo nyuma ya jikoni. Bweni likawa na nafasi ya kupendeza. Kufuli ikaondolewa, mlango wa nyuma ukapakwa rangi. Wageni wakaandika, wakanywa chai, wakaondoka. Jioni tukavirudisha vitanda vyote kumi na vinane, na godoro langu likarudi likinuka kitunguu.

Kwa hiyo ombi langu, Mheshimiwa, ni kwamba mabweni yakaguliwe usiku, tukiwa tumelala, bila shule kuarifiwa. Na ripoti ya kila shule ibandikwe langoni siku ya kufungua muhula, mzazi aisome kabla ya kumshusha mtoto na sanduku lake.

Ukipata nafasi uje wewe mwenyewe. Mimi hulala kitanda cha juu, cha tatu kutoka dirishani. Ukifika, piga hodi mlango wa mbele, kisha uangalie saa yako uhesabu dakika hadi bawabu afike na ufunguo.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Pwani.