Maradhi ya pili ya askari si uroho

Mhariri,

Msomaji wenu aliyewakejeli Wakenya na Watanzania waliotumikia jeshi la Marekani, kwamba kila mara wanazusha ugonjwa mpya ili waongezewe dola, amelielewa jambo kombo. Kanuni za shirikisho, kifungu 3.310, zinasema wazi: ugonjwa uliosababishwa na jeraha la jeshini hufidiwa kama jeraha lenyewe. Na tangu kesi ya Allen dhidi ya Brown, mwaka 1995, hata ugonjwa uliotoka kwingine, jeraha hilo likiuzidisha, hulipwa kwa kiasi kilichozidi.

Chukua goti. Aliyeumia la kulia huegemea mguu wa kushoto miaka nenda miaka rudi. Goti la pili linalika, nyonga inafuata, kiuno kinakaza. Ibuprofeni anayomeza kila siku inamletea vidonda vya tumbo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye faili lake la jeshi, maana yalikuja baadaye. Sasa amedanganya wapi? Kwa walioumia ubongo kwa kiwango cha kati au kikali, idara ya wanajeshi wastaafu (VA) tangu 2014 huchukulia kifafa au dalili za Parkinson zinazofuata kuwa ni matokeo ya jeraha hilo, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Tena hesabu yenyewe haimtajirishi mtu. Ulemavu hupimwa kwa asilimia, na asilimia 50 na 30 hazifanyi 80. Ile asilimia 30 huhesabiwa kwenye nusu iliyobaki tu, yaani 15, ikapatikana 65, ikakadiriwa kuwa 70.

Ninaloliona mimi huku Texas ni kinyume cha uroho. Wenzetu hawadai. Tumelelewa kuvumilia, hasa sisi wanaume. Daktari akiuliza hali tunajibu "nzuri tu", naye anaandika nzuri. Siku ya kudai, karatasi hakuna. Wengine hupeleka barua ya daktari yenye sentensi moja, kwamba kiuno huenda kimeharibiwa na goti. Hiyo haitoshi. Daktari anatakiwa aseme uwezekano huo ni angalau nusu kwa nusu, kisha aeleze sababu: mwendo wa mgonjwa, picha za eksirei, historia ya matibabu. Pasipo maelezo, cheo chake hakisaidii. Akikataliwa, askari ana mwaka mmoja wa kupinga au kuleta ushahidi mpya bila kupoteza tarehe ya dai lake.

Halafu wapo mawakala wanaotaka sehemu ya malipo ili wajaze fomu. Sheria hairuhusu mtu yeyote kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza, na vyama vya wastaafu kama DAV na VFW husaidia bure. Ningeomba gazeti hili likague matangazo ya watu hao kabla ya kuyachapisha.

Askari mstaafu,
Killeen, Texas