Kwako pacha, kuhusu sapu ya fiziolojia

Moshi,
18 Agosti

Pacha wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku, ambako baridi ya mwezi huu wa nane haijatuonea huruma. Tangu Jumapili nakupigia simu, hupatikani. Jana nikampigia mama, ndiye aliyeniambia matokeo yametoka, umepata sapu ya fiziolojia, yaani uurudie mtihani wa lile somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, na tangu siku hiyo umejifungia chumbani unasema chuoni hurudi. Nikaona nishike kalamu. Simu unaweza kuizima, ila barua akikupa mama mkononi utaisoma.

Kwanza kuna jambo nililokuficha. Unakumbuka likizo ya mwaka jana, nilipokwambia siji Arusha kwa sababu bibi anaumwa miguu na hana wa kumkatia ng'ombe majani? Miguu ilikuwa inamuuma kweli, lakini kilichonibakiza Kibosho ni sapu. Somo hilihili, fiziolojia ya wanyama na binadamu. Niliona aibu kukwambia wewe, uliyeniita daktari tangu kidato cha tatu. Nisamehe. Ningesema mapema, labda leo usingejiona uko peke yako.

Mara ya kwanza nilipiga msuli mpaka macho yakavimba, na bado nikaanguka. Nilikuwa na madesa, yale maandishi ya masomo ya waliotutangulia, nikayakariri kama sala. Swali likaja: mtu amepoteza damu nyingi ajalini, eleza mwili wake unavyojitahidi kulinda presha ya damu. Vipande vyote vya jibu nilikuwa navyo, moyo kwenye ukurasa wake, figo kwenye wake, homoni huko mwisho, ila sikujua vinashikana wapi. Niliandika kurasa mbili za maana ya maneno. Alama nilizopata sizitaji hata leo.

Sasa sikiliza kilichotokea Kibosho. Asubuhi moja bibi alisimama bandani muda mrefu anamtazama ng'ombe. Nikamuuliza, bibi, kuna nini? Akasema, "Tangu alfajiri hajacheua." Basi, kwake huyo alikuwa mgonjwa tayari, na akanituma nikamwite bwana mifugo. Nilipotoka huko nikafungua daftari kutafuta kwa nini kucheua kuwe jambo kubwa kiasi hicho, na kwa mara ya kwanza nikasoma kwa sababu nilitaka kujua.

Ng'ombe mkubwa wa maziwa hutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku, na anapocheua ndipo yanapomiminika zaidi. Mate hayo yana bikaboneti, inayopunguza ukali wa asidi katika tumbo la kwanza. Humo ndani wamejaa bakteria na vijidudu wengine wanaochachusha majani, kama mbege, pombe yetu ya ndizi, inavyochachuka kwenye pipa. Wanatoa asidi nyepesi za mafuta, zinapenya ukuta wa tumbo kuingia kwenye damu, na hizo ndizo nguvu za ng'ombe. Hata sukari ya damu yake, sehemu kubwa hutengenezwa na ini kutokana na mojawapo ya asidi hizo. Gesi nayo lazima itoke kwa kubeua. Ikizuilika, tumbo linavimba upande wa kushoto, linayabana mapafu, na mnyama anaweza kufa. Umeona, pacha? Nimeanza na mate nikafika kwenye mapafu bila kubadilisha habari.

Yale majina manne ya matumbo nenda kayasomee kwa wauza utumbo, mimi nilisomea soko la Mbuyuni. Taulo ni la kwanza. Lenye vyumba kama sega la nyuki ni la pili. Kitabu ni la tatu, na kweli lina kurasa. La nne ndilo linalofanana na letu, lenye asidi na vimeng'enya. Ukishayashika kwa mkono huyachanganyi tena.

Lakini aliyenifungua macho ni figo. Desa lilisema figo za mtu mzima huchuja lita 180 kwa siku. Namba hiyo nilikuwa naijua kama namba ya simu. Siku moja natoka bombani na ndoo ya lita 20 kichwani, nikajikuta nahesabu: ndoo 9! Figo mbili, kila moja kama ngumi, zinachuja ndoo 9 kwa siku, na mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu, chupa ile kubwa ya maji ya dukani. Kinachobaki chote kinarudishwa kwenye damu. Nilitua ndoo nikakaa kwenye jiwe. Plazma, yale maji ya damu, mwili mzima ni kama lita 3 tu, kwa hiyo yote yanachujwa mara 60 kwa siku moja.

Nikajiuliza, kwa nini mwili umwage kila kitu kisha uhangaike kukirudisha? Nadhani hili ndilo swali zuri kuliko yote katika somo letu. Mwili hauwezi kuijua kila sumu ya dunia hii, lakini vitu vyake unavijua. Kwa hiyo unamimina karibu vyote isipokuwa seli na protini, halafu unaokota vilivyo vyake: glukosi yote, chumvi karibu yote, maji karibu yote. Usichokiokota kinaondoka na mkojo.

Ukishaona hivyo, maswali mengi yanajifungua. Mgonjwa wa kisukari, glukosi imezidi, wabebaji wake kwenye mirija ya figo hawatoshi, inayobaki inavuta maji kwenda nayo nje, ndiyo maana anakojoa sana na kiu haimwishi. Wazee wanaokunywa mbege wanainuka kila mara kwenda nyuma ya migomba kwa sababu kilevi kinaizuia homoni ya ubongoni inayoiambia figo irudishe maji. Na yule majeruhi wangu wa ajalini? Presha imeshuka, mishipa ya shingoni na ya kifuani inapeleka habari kwenye ubongo, moyo unakwenda mbio, mishipa ya ngozi na ya utumbo inajibana ili damu ibaki kwa wanaoihitaji zaidi. Figo inasikia damu imepungua, inaanzisha mlolongo wa homoni unaorudisha chumvi na maji, na kiu inamshika. Ndiyo maana ngozi yake ni ya baridi na mkojo ni kidogo. Nilipomaliza kuyaandika hayo bila kutazama daftari nililia, pacha. Si kwa huzuni.

Mlima nao usiuache, maana wanapenda kuuliza. Usiandike kwamba kileleni sehemu ya oksijeni hewani ni ndogo. Hewa ni ileile, asilimia 21, ila kwenye mita 5,895 msukumo wake ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo oksijeni inasukumwa kwa unyonge kuingia kwenye damu. Mjomba wangu mpagazi anasema wageni wakifika Horombo, kambi ya njiani kwenda kileleni, wanahema hata wakiwa wamelala. Vipokezi vya shingoni vimehisi oksijeni imepungua. Kwa kuhema hivyo wanapoteza kabonidayoksaidi nyingi, damu inapungua asidi, na figo inatoa bikaboneti kusawazisha. Figo hiyohiyo inatuma homoni ya eritropoietini kwenye uboho wa mifupa kuomba seli nyekundu zaidi, kazi ya siku nyingi. Nilipomweleza mjomba alinyamaza kidogo, akasema, kumbe polepole ina maana yake.

Mtihani wako ni wiki ya pili ya Septemba, mama ameniambia. Siku zinatosha. Ijumaa panda Kosta ya asubuhi, kilomita 80 si safari, nami nitakuwa nakungoja stendi. Tutapanda wote Kibosho. Bibi ameshaniuliza kama bado unapenda mtori. Madesa yaache huko. Njoo na karatasi nyeupe, utanieleza moyo kwa kuchora, nami nitakuwa nakuuliza "na hicho kikiziba?" mpaka uchoke.

Ila daftari lako la mfumo wa neva usilisahau. Mimi nina mtihani wa neva mwezi wa kumi na moja, na pale sodiamu inapoingia na potasiamu inapotoka bado nakwama. Wewe ndiye uliyenieleza umeme kidato cha pili mpaka nikaelewa, na sijampata mwingine wa kunieleza vile. Nakuhitaji.

Mwambie mama shikamoo, na ahsante kwa kunipokelea simu.

Ni mimi,
Pacha wako

NB: Barua hii nimempa konda wa basi la saa nane, ataiacha dukani kwa mama. Ukimaliza kuisoma, washa simu.