Risala ya wanakikundi wa maigizo, Bagamoyo, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu wa sanaa, wazee wetu, wazazi, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Ahsante kwa kuitikia mwaliko wetu. Mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, hivyo maana ya tamthilia tunaiacha. Tunakuletea habari ya moja tunayoiandaa kwa Kiswahili: London Wall ya John Van Druten, iliyochezwa London mwaka 1931.

Ni mapenzi ya ofisini, kwa mawakili. Pat Milligan, mpiga taipu wa miaka 19, anaandamwa na wakili Brewer. Bi. Janus, karani mwandamizi mwenye miaka 35, anamwonya, naye mwenyewe anangoja ndoa isiyofika. Filamu yake ilitoka 1932, kisha tamthilia ikasahaulika. Mwandishi akajulikana zaidi kwa tamthilia ya I Am a Camera ya 1951, iliyozaa tamthilia ya muziki Cabaret. Walioifufua London Wall mwaka 2013 ni Finborough, ukumbi wa viti kama 50 juu ya baa jijini London. Mwaka uliofuata ikachezwa na Mint Theater ya New York. Kwa hiyo, Mheshimiwa, jumba kubwa hatuombi.

Shida kubwa jukwaani ni kelele za taipureta. Meza ya mbao yenye uwazi chini huvuma kama ngoma, maneno yakapotea. Dawa yake ni blanketi lililokunjwa mara nne chini ya mashine, na kuingiza karatasi mbili badala ya moja. Katika muswada kila mahali pa kuanza na kuacha kuchapa pawekewe alama, na mchapaji aache kabla mwenzake hajafungua kinywa. Chumvi ya pwani nayo hushika vyuma vya herufi. Visafishwe kwa mafuta ya taa na brashi. Mafuta ya kula hapana, yanaganda na vumbi.

Simu ni rahisi zaidi: anayepiga kengele akae anapouona mkono wa mwigizaji. Akifuata maneno tu, simu itaendelea kulia huku mtu ameshasema "haloo".

Brewer asifanywe kichekesho. Watazamaji wetu humshangilia mchekeshaji, na akishangiliwa, hofu ya Pat haionekani tena. Asimame kati ya meza na mlango, mlango uwe wazi, ukumbi uone njia iliyozibwa.

Tuna maombi matatu. La kwanza, barua ya utambulisho ya kuombea kibali cha tafsiri. Van Druten alifariki 1957, na Uingereza hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo, yaani hadi mwisho wa 2027. Bila kibali cha maandishi onyesho linaweza kuzuiwa mabango yakiwa yameshabandikwa. La pili, taipureta tatu za stoo. Moja iwe nzima, nyingine hata mbovu. La tatu, darasa lenye milango miwili, la mazoezi ya jioni.

Tunaomba kuwasilisha.