Chama cha mawakili kipimwe mahakamani wilayani

Mhariri,

Kila uchaguzi wa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika unapokaribia, na zaidi tangu ule uliofanyika Dodoma Agosti 2024, kurasa za maoni hujaa mabishano ya aina moja. Wapo wanaotaka chama hicho, ambacho wengi tunakiita TLS, kiachane na mambo ya nchi na kishughulikie masilahi ya wanachama wake, na wapo wanaotaka kiwe mtetezi wa kila anayeonewa. Nilikuwa karani wa mahakama hadi kustaafu kwangu. Mimi si wakili na sina kura katika chama hicho, lakini nimewaona mawakili kwa ukaribu ambao hata wateja wao hawaupati, na naona mabishano haya yanaliacha kando jambo ambalo lingestahili kutangulia.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa kuwa wengi wanaobishana hawajaifungua. TLS si chama cha hiari. Kiliundwa kwa sheria mwaka 1954, enzi za utawala wa Mwingereza, ndiyo maana jina la Tanganyika limedumu humo hata baada ya Muungano, huku wenzetu wa Zanzibar wakiwa na chama chao. Sheria hiyo inakitwika chama mizigo kadhaa: kuinua maadili na elimu ya taaluma, kuisaidia Serikali na mahakama katika masuala ya utungaji wa sheria na utoaji haki, kuwawakilisha na kuwalinda wanachama, na vilevile kuulinda na kuusaidia umma katika mambo yote yanayohusu sheria. Anayedai kwamba chama kimevuka mipaka kinapotoa maoni juu ya muswada, basi aliombe Bunge likifute kwanza kifungu hicho, maana kinachofanyika ni utekelezaji wa agizo la Bunge hilohilo.

Sisemi hivyo kwa kusahau yaliyotokea. Mwaka 2017, baada ya ofisi za mawakili wa IMMMA jijini Dar es Salaam kulipuliwa mwezi Agosti, chama kiliwataka wanachama wake wasiingie mahakamani kwa siku mbili, na siku chache baadaye rais wa chama wa wakati huo, Tundu Lissu, akapigwa risasi Dodoma. Kuhusu mgomo ule nilikuwa na maoni mawili, na ninayo hadi leo: taaluma ambayo ofisi zake zinalipuliwa haiwezi kukaa kimya, lakini siku ya mahakama inayopotea hulipwa na mahabusu kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni haki ya watu kubishana juu ya uamuzi wa namna hiyo. Ninachokataa ni kuipima kazi yote ya chama kwa matukio kama hayo, kana kwamba kati ya uchaguzi mmoja na mwingine mawakili hawana wajibu wowote.

Wajibu huo umo ndani ya mila zao, na mila hizo nimezishuhudia kwa macho yangu. Mtu hawi wakili kwa kuhitimu shahada. Baada ya chuo kikuu anakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007; akifaulu anamwandikia Jaji Mkuu ombi, anahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na hatimaye anaapishwa hadharani na jina lake kuingizwa katika daftari la mawakili. Anavaa joho jeusi na vitambaa viwili vyeupe shingoni, mavazi yaliyotoka Uingereza, ambako hadi leo anayetaka kuwa wakili wa mahakama za juu hulazimika kujiunga na mojawapo ya majumba manne ya kale ya London na kuhudhuria vikao vyake vya mafunzo, ambavyo baadhi huambatana na chakula cha jioni pamoja na wakongwe wa fani. (Sisi tuliiacha desturi ya chakula tukabaki na joho, ambalo katika joto la Dar es Salaam ni adhabu.) Mahakamani anainamisha kichwa jaji anapoingia, anamwita mpinzani wake wakili msomi hata kama dakika tano zilizopita walikuwa wakigombana koridoni, na kiti cha mbele anamwachia aliyemtangulia kuandikishwa.

Vijana wengi huyacheka haya, na baadhi ya wananchi huyaona ni majivuno. Mimi nayaona kama risiti. Sheria imewapa watu hawa kazi ambayo asiye mwenzao akiifanya kwa malipo anaweza kushtakiwa, imeyafanya mazungumzo yao na wateja kuwa siri isiyofichuliwa hata mbele ya hakimu, na mahakama inawaamini kama maofisa wake. Kwa upande wao wamekatazwa kuwanyemelea wateja, kuchanganya fedha za mteja na za kwao, na kumtetea mtu katika shauri ambalo walikwisha kumshauri hasimu wake. Wamekatazwa pia kuidanganya mahakama hata pale ambapo uongo ungemwokoa mteja. Joho linamjulisha mwananchi aliyeketi benchi la nyuma kwamba mtu huyu amefungwa na masharti hayo yote, na kwamba akiyavunja ipo Kamati ya Mawakili, ambayo mwenyekiti wake ni jaji, yenye uwezo wa kumwondoa katika daftari.

Sasa nifike kwenye jambo linaloachwa kando. Wakili kijana hujifunza kama mwanafunzi wa fundi seremala, kwa kutazama mikono ya aliyemzidi: jinsi ya kumhoji shahidi bila kumdhalilisha, jinsi ya kumwambia mteja kwamba kesi yake haina miguu, jinsi ya kukubali kosa mbele ya jaji kabla halijafichuliwa na upande wa pili. Vitabu havifundishi hayo. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka iliposikia kwamba katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo wanafunzi 26 tu kati ya 633 ndio waliofaulu moja kwa moja, na waziri akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ili ichunguze. Tuliwalaumu wanafunzi, tukavilaumu vyuo vikuu, tukailaumu taasisi yenyewe. Sikumbuki kusikia mjadala mrefu juu ya mawakili wakongwe wenye ofisi, kwamba ni wangapi kati yao huwachukua vijana na kuwafundisha kazi, badala ya kuwatuma kupeleka nyaraka masjala na kuomba tarehe nyingine ya kesi. Nilikuwa upande wa pili wa dirisha la masjala hiyo, na nilitambua mara moja kijana aliyekuwa na mwalimu na yule aliyekuwa na mwajiri tu.

Tofauti hiyo huonekana zaidi katika kesi za mauaji. Mshtakiwa asiye na fedha hupewa wakili na mahakama, na malipo yake ni madogo kiasi kwamba wenye majina hawazigombei kesi hizo. Mara nyingi huwaangukia vijana. Wapo waliozifanya kwa bidii iliyonifanya nisimame kando ya mlango nikisikiliza wakati nilipaswa kuwa mezani kwangu. Na wapo waliokutana na mshtakiwa kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi, wakasoma jalada wakiwa wamesimama. Maisha ya mtu yanategemea asubuhi hiyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wanafanya kazi kubwa vijijini, lakini msaidizi wa kisheria hawezi kusimama Mahakama Kuu kumtetea mtu anayekabiliwa na adhabu ya kifo. Hilo ni la wakili peke yake, na chama kinachowakusanya mawakili wote ndicho chenye uwezo wa kusema kwamba mkongwe naye atachukua kesi ya namna hiyo kila mwaka, na kijana ataketi pembeni yake akijifunza.

Kuhusu wale tunaowaita vishoka, wanaovaa suti, wanagonga mihuri na kula fedha za wajane wakati hawamo katika daftari, nitasema kwa kifupi. Mahakama imeweka mfumo wa e-Wakili ambapo mtu anaweza kulitafuta jina la wakili na kujua kama ana leseni hai. Tatizo ni kwamba mwananchi anayetapeliwa ndiye asiyejua kwamba mfumo huo upo, na sijui ni mabango mangapi ya chama yanamweleza hivyo nje ya mahakama ya wilaya.

Katika Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari, mawakili huketi chini ya mahema na kutoa ushauri bila malipo, kisha katika kilele cha Siku ya Sheria rais wa chama hupata nafasi ya kuhutubia pamoja na viongozi wa mihimili ya dola. Ni desturi nzuri na napenda idumu, kwa kuwa ni mara chache kiongozi aliyepigiwa kura na wanataaluma huzungumza katika hadhara ya namna hiyo. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi: Katiba yao ya mwaka 2010 inawapa mawakili nafasi mbili, ya mwanamke na ya mwanamume, katika Tume ya Utumishi wa Mahakama, na wanaozijaza huchaguliwa na mawakili wenyewe. Kwetu Tume ya namna hiyo haina mjumbe aliyechaguliwa na mawakili. Nadhani TLS ina haki ya kudai nafasi hiyo. Itaidai kwa nguvu zaidi ikiwa na rekodi ya kuonyesha.

Ndiyo maana naliomba Baraza la Uongozi la TLS, kupitia gazeti lako, litoe kila mwaka taarifa ya wazi kwa kila kanda: ni mawakili wangapi wenye uzoefu waliochukua kesi za washtakiwa wasio na uwezo, vijana wangapi walipata wa kuwafundisha na kwa muda gani, na malalamiko mangapi ya wateja yalifikishwa kwenye Kamati ya Mawakili na kumalizika. Taarifa hiyo iandikwe kwa Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya mwaka 2021 ndicho lugha ya mahakama zetu, na nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila mahakama ya wilaya, pale pale wanapobandika orodha ya kesi za siku.

Karani mstaafu wa mahakama,
Moshi