Zai, kile kikohozi cha Baba

Zai shoga yangu mambo, watoto wazima? Huku salama, mvua tu, na Mwajuma bado hajarudisha lile deni, hayo tutaongea.

Meseji yako nimeisoma nikiwa zamu nikashindwa kutulia. Eti Baba anaingia thieta Alhamisi, uvimbe tumbo la juu, halafu unamalizia kirahisi tu kwamba ile homa na kikohozi cha wiki mbili zilizopita alimeza antibayotiki vikaisha, kwa hiyo mmekubaliana daktari asiambiwe asije akaahirisha. Mmekubaliana na nani? Najua, ni Hamisi tu huyo, profesa wa kila kitu.

Sikia. Kuna hesabu madaktari wa usingizi wanaitumia, inaitwa ARISCAT, ilitoka Hispania kule Catalonia, ikachapishwa 2010, inakadiria nani atapata shida ya kupumua baada ya oparesheni. Wanajumlisha pointi. Baba miaka 68, pointi 3. Kupasuliwa tumbo la juu 15. Zaidi ya masaa matatu mezani, 23. Kama oksijeni na damu viko sawa ni 41, kundi la kati, na kwenye utafiti wao kundi hilo kama 13 kati ya 100 walipata shida. Sasa weka maambukizi ya kifua ya ndani ya mwezi mmoja, yale ya homa na antibayotiki, yaani hicho hicho mnachokificha: 17 peke yake! Inakuwa 58, kundi la juu, huko walikuwa kama 42 kati ya 100. Umri wake wote pointi 3 shoga, kikohozi 17.

Sisemi lazima impate, ile ni hesabu ya watu wengi, ila wodini nawaona, mshono unauma mtu anaogopa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, makohozi yanakaa, nimonia hiyo. Na Baba anavyojifanya jemadari hataki dawa ya maumivu... Aanze mazoezi ya kuvuta pumzi sasa hivi. Kuahirisha au kutoahirisha aamue daktari, huenda uvimbe nao hausubiri, lakini aamue akijua.

Daktari wa usingizi kashamuona? Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma ngapi, na HB, kile kipimo cha wingi wa damu, je? Asubuhi bado anatoa makohozi? Sigara kaacha au anajificha nyuma ya banda? Unampigia daktari leo, au nimpigie Baba mwenyewe nimpe shikamoo yake halafu nimwambie?