Barua kwa somo yangu: nikifa, usiwaache waseme nilitubu

Voi, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama. Ameanza kula, na jioni anakubali kutoka nje akae na majirani. Amesema nikushukuru tena kwa mchele, na zaidi kwa kuja kumzika baba. Kutoka Malindi hadi huku kwetu milimani si safari ndogo, na wewe hukuja kuonekana tu. Ulikaa jikoni na wanawake wa kwetu hadi usiku.

Sasa swali lako. Uliniona kaburini nimenyamaza watu wakiomba, ukangoja msiba upoe ndipo ukaniuliza kwa maandishi: nikifa, natarajia kwenda wapi? Nakujibu bila kuzunguka. Sitarajii kwenda popote. Naamini mtu akifa amekwisha, na baba amekwisha, na siku yangu ikifika nami nitakuwa nimekwisha. Usidhani ni uchungu wa msiba unaosema. Imani ilinitoka zamani, kabla baba hajaugua. Nilinyamaza kwa sababu ya wazazi, basi.

Lakini ugonjwa wa baba ulinithibitishia. Kiharusi cha kwanza kilimnyang'anya maneno. Akikitazama kikombe anajua ni cha nini, jina lake halimjii. Baadaye ule upole wake ukaenda. Mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti nyumbani akawa anamtukana mama kwa sababu chai imechelewa. Mwisho akawa anamwita kaka yangu kwa jina la ndugu yake aliyefariki siku nyingi, na mimi akinisalimu kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Daktari alituonyesha picha ya ubongo na sehemu zilizokufa. Tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo mchungaji wetu hakulijibu: kama upole wa baba, kumbukumbu zake na mapenzi yake kwetu vilikuwa vinakaa kwenye roho isiyokufa, mbona donge la damu liliweza kuviondoa kimoja baada ya kingine? Na kama havikusalimika sehemu ndogo ya ubongo ilipokufa, vitasalimika vipi ukifa wote?

Uliwahi kuniambia kwamba roho ni mpiga zumari na mwili ni zumari. Chombo kikipasuka, mpigaji bado yupo. Nimelifikiria neno hilo sana, maana ni zuri na ulilisema kwa mapenzi. Lakini baba hakushindwa kupiga tu. Mpigaji mwenyewe aligeuka mtu mwingine mbele ya macho yetu. Hapo ndipo mfano wako unaponiacha.

Utasema haya nimeyatoa kwenye vitabu vya wazungu. Somo, shaka hii ni ya kale, na vitabu vyenu na vyetu vinaijua. Katika Kurani yenu, Sura ya Al-Jaathiya, aya ya 24, inawataja watu waliosema kwamba hakuna ila uhai wetu huu wa dunia, twafa na twaishi, na hakituangamizi ila dahari. Inawataja ili iwakanushe, najua. Hata hivyo walikuwapo, Makka, zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, na walisema waziwazi. Na katika Biblia niliyolelewa nayo, Mhubiri anaandika kwamba walio hai wanajua ya kwamba watakufa, lakini wafu hawajui neno lo lote. Nilisoma mstari huo nikiwa msichana, katika somo la Jumapili, na mwalimu akafungua ukurasa mwingine haraka.

Shangazi zangu wao wananiambia nimeiacha imani ya wazee wetu. Hili linaniudhi kidogo, kwa sababu wazee wetu ni akina nani? Kabla wamishonari wa Kianglikana hawajafika Sagalla miaka ya 1880, Mtaita akifa alizikwa, kisha baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa likawekwa pangoni pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Mapango hayo yapo mpaka leo milimani, na mengine bado yana mafuvu. Shida ikiingia, mvua ikikataa, wazee walikwenda kuwaambia waliolala mle. Halafu ukaja msalaba, na mahali pa wafu pakahama kutoka pangoni hadi mbinguni. Halafu baba zangu wadogo wakaokoka, na sasa wanafundisha kwamba hata yule babu aliyebatizwa na kuimba kwaya maisha yake yote huenda hakufika, kwa kuwa hakuokoka. Ukoo mmoja, vizazi vichache, na kila kizazi kina uhakika uleule. Mimi ni mtoto wa ukoo huohuo. Nimebadili tu jibu, kama walivyobadili wao.

Usifikiri kwamba jibu langu ni jepesi kulibeba. Sitamwona baba tena. Ninyi mnasema innalillahi, na sauti zenu zinashuka, kwa sababu kuna marejeo. Sisi tulioacha hatuna neno la kusema pale mlangoni. Nilipokuja Malindi kumzika marehemu mama yako nilikaa nje na wanawake, lakini ulinieleza jinsi mlivyomwosha wenyewe, kwa mikono yenu, kwa maji yenye kafuri, mkimgeuza taratibu kana kwamba angeumia, mkamvika sanda, na kabla ya alasiri alikuwa ameshawekwa ardhini. Baba yetu alikaa mochari wiki nzima tukichangishana, tukipanga hema na kuchagua jeneza, na aliyemwosha ni kijana asiyemjua. Nilikuonea wivu, somo. Naamini maiti haisikii mkono unaoiosha. Hata hivyo ningependa ule uliomwosha baba uwe wangu.

Umeniuliza pia, na hapa naona ndipo penye hofu yako hasa: mtu asiyeogopa hukumu atazuiwa na nini asitende mabaya? Wewe ulikuwa Malindi mwezi Aprili 2023 miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola. Ulinipigia simu usiku, ukashindwa kuzungumza. Zaidi ya miili 400, mingi ikiwa ya watoto, watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Sisemi kwamba dini ndiyo hiyo. Misikiti na makanisa ya pwani yote yalilia, na waumini kama wewe waliwahurumia waliookolewa. Ninachosema ni hiki: wale wazazi hawakupungukiwa na hofu ya Mungu. Waliamini kabisa kwamba upande wa pili kuna mahali bora kuliko hapa, na kwa imani hiyo wakamtazama mtoto akilia njaa. Mimi siamini kwamba mtoto anayekufa njaa atafidiwa popote. Kwa hiyo lazima ale leo, na asipokula hakuna siku ya kurekebisha. Hilo ndilo linalonizuia, na linanibana kuliko jehanamu ilivyowahi kunibana.

Basi sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike barua ndefu hivi. Kwa kweli siogopi kutokuwepo. Kabla ya kuzaliwa sikuwepo na haikuniuma. Ninachoogopa ni yatakayosemwa na kufanywa siku ile nikiwa siwezi kujibu. Umehudhuria mazishi mengi ya kwetu na unajua. Mtu ameishi miaka sabini bila kukanyaga kanisani, na kesho yake mhubiri anashika kipaza sauti na kutangaza kwamba marehemu alimpokea Bwana hospitalini, dakika za mwisho, na muuguzi alishuhudia. Watu wanapiga vigelegele. Familia inafarijika. Na yale yote aliyoyawaza mtu huyo kwa unyofu, maisha yake mazima, yanafutwa kwa sentensi moja.

Nilipokuwa nasoma falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichonishika kuliko vitabu vingine ni habari za kifo cha David Hume, yule mwanafalsafa Mskoti. Alikuwa mgonjwa wa tumbo, anakufa, na Uskoti yote ilijua haamini. Julai 1776 mwandishi James Boswell alimtembelea kuona kama sasa, kifo kikiwa mlangoni, angeanza kuamini. Akamuuliza kama wazo la kutoweka kabisa halimsumbui. Hume akamjibu kwamba halimsumbui hata kidogo, kama vile lisivyomsumbua wazo kwamba zamani hakuwepo. Boswell ndiye aliyetoka mle amefadhaika. Hume akafa Agosti mwaka huohuo. Kisha rafiki yake Adam Smith, huyuhuyu wa uchumi, akaandika barua kueleza jinsi Hume alivyokufa: kwa utulivu, akisoma, akitania na marafiki zake, bila kubadilika. Barua hiyo ilichapishwa 1777. Miaka michache baadaye Smith alisema kwamba karatasi ile moja ilimletea matusi mara kumi kuliko shambulio lake lote dhidi ya mfumo wa biashara wa Uingereza. Na hakuiondoa.

Nimetamani rafiki wa namna hiyo tangu nilipoisoma habari ile. Na rafiki huyo ninaye.

Lakini mapenzi ya rafiki hayatoshi bila maandishi. Kenya tumeliona hilo. Unaikumbuka kesi ya S.M. Otieno, tulikuwa wasichana wa shule na redio haikuzimwa. Wakili wa Nairobi amefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, anataka kumzika shambani kwao Ngong, anasema marehemu mwenyewe alitaka hivyo. Ukoo wa Umira Kager unataka azikwe Nyalgunga, Siaya, kama mila ya Waluo inavyodai. Mashahidi wakasimama mahakamani kueleza kwamba mzimu wake utawasumbua wakizika vibaya. Hata Profesa Odera Oruka wa falsafa, ambaye baadaye nilimkuta bado akifundisha chuoni, aliitwa kueleza mila hizo. Miezi mitano maiti iko mochari. Mwishowe Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba Mwafrika wa Kenya hana njia ya kujitenga na kabila la baba yake, ikiwa kabila hilo linafuata ukoo wa baba, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Alichotamka kwa mdomo hakikumsaidia. Hata leo mahakama zetu huyasikiliza matakwa ya marehemu, lakini hazifungwi nayo.

Wapo waliotimiziwa. Wangari Maathai, 2011, mwili wake ulichomwa Kariokor, Nairobi, ukiwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na gugu maji ili mti usikatwe kwa ajili yake. Askofu Mkuu Manasses Kuria na mkewe nao walichomwa, yeye aliyewahi kuwa kiongozi wa Kanisa la Kianglikana. Watu walishtuka, lakini familia ilisimama imara. Nadhani hiyo ndiyo siri yote. Walio hai wasiposimama imara, hakuna wosia unaotembea wenyewe.

Mimi sitaki moto. Nataka kuzikwa pale juu shambani, karibu na baba, chini ya ule mkarakara ikiwa bado upo. Sitaki mabishano na mama wala na shangazi zangu. Mama akiwa hai, aimbe nyimbo zake zote, na kwaya ije, na anayetaka kuomba aombe; mazishi ni ya wanaobaki, na siwezi kumnyima mama kitu kinachomshikilia asianguke. Wewe nawe nisomee unachotaka. Najua unaamini hakitanifaa kitu, kwa sheria zenu, na mimi naamini sitakisikia. Soma hivyohivyo. Nitafurahi leo kujua kwamba utasoma.

Ila jambo moja silikubali. Asisimame mtu kusema nilitubu. Ikiwa nitakuwa nimetubu kweli, nitakuandikia mimi mwenyewe, na sahihi yangu unaijua. Nisipoandika, basi sikutubu. Wakianza hadithi ya muuguzi, simama, uwaambie kwa adabu yako ile ile: huyu alikuwa somo yangu tangu shule, nilimjua, aliishi akiwaza hivi na amekufa akiwaza hivi. Najua nakuomba kitu kizito. Nakuomba wewe, Mwislamu unayeamini kwamba nitaulizwa kaburini na malaika Munkari na Nakiri, usimame mbele ya Wakristo useme ukweli wa mtu asiyeamini chochote kati ya hivyo. Kaka yangu hataweza, atamwonea mama huruma. Wengine watanionea aibu. Wewe peke yako hujawahi kunisingizia, hata kwa wema.

Wakili wa hapa mjini ananiandikia karatasi. Zinahitajika sahihi za mashahidi wawili, na mmoja nimempata kazini. Nijibu kama utakubali kuwa wa pili, na kama unakubali, nitashuka Malindi mwisho wa mwezi nikuletee, pamoja na ndizi za mama. Na ukikataa nitaelewa, ila niambie sababu, tuendelee kuzungumza.

Wasalimie watoto, na mzee wako mwambie dawa ya kikohozi aliyonipa imenifaa.

Ni mimi,
Somo yako