Mwanangu, jichore kabla hujajijua

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata na kuisoma taratibu. Unasema umepewa kazi ya kujichora na umekwama, kwa kuwa bado hujajua wewe ni nani. Nakusihi usingoje ujijue kwanza. Wasanii ninaowapenda zaidi walijitazama kwa kalamu au kamera wakiwa bado wanajitafuta.

Mfikirie Samuel Fosso. Alizaliwa Kameruni mwaka 1962, akalelewa Nigeria, na vita vya Biafra vikamkuta huko angali mdogo. Mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, alifungua studio ya picha mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mchana aliwapiga picha wateja. Kazi ikiisha na filamu ikisalia, alijipiga mwenyewe, kavaa suruali pana na viatu vya soli nene kama vijana wa enzi ile. Baadhi ya picha hizo alimtumia bibi yake Nigeria, ajue kuwa mjukuu wake yu mzima. Hapo ndipo ninapoguswa. Picha hizo hazikuonyeshwa hadharani hadi 1994, kule Bamako, Mali. Kabla ya hapo zilikuwa na mtazamaji wake, yule bibi, naye alitosha.

Mwaka 2008 Fosso huyohuyo alijigeuza, katika picha zake, kuwa Lumumba, Nkrumah, na hata Malcolm X na Angela Davis, wapigania haki za watu weusi wa Marekani. Wapo watakaosema alijificha nyuma ya watu mashuhuri. Mimi naona alikuwa akiwataja wazee wake, kwamba uso wake una deni kwao. Cindy Sherman wa Marekani naye, kuanzia 1977, alijipiga picha akiigiza wanawake wa sinema wa kila aina, kisha akasema hao si yeye. Kwa hiyo hata kujikana ni njia.

Lakini ninayetaka umtazame kwa muda mrefu ni Zanele Muholi wa Afrika Kusini, katika mfululizo wa picha alizojipiga, uitwao Somnyama Ngonyama. Hujipamba kwa vitu vya kazi za nyumbani: vibanio vya nguo, steelwool ya kusugulia masufuria. Mama yake, Bester, alifanya kazi za ndani kwa miaka mingi, na picha zenye jina lake ni heshima kwake. Kibanio cha nguo kikigeuka taji, aliyekishika maisha yake yote naye anaonekana. Isitoshe, Muholi huongeza utofauti wa mwanga na kivuli katika picha hadi ngozi inakuwa nyeusi zaidi, macho yakang'aa yakikukabili. Ni uamuzi wa makusudi, mwanangu, na simu zetu hufanya kinyume chake: zinalainisha na kung'arisha ngozi hata bila kuombwa. Ukijipiga picha ya kuchorea, zima urembo huo wote. Hakuna aliye na haki ya kukuchagulia rangi.

Basi liweke kando swali la wewe ni nani, maana limekufunga mikono. Jiulize picha hii unamtumia nani, na ungependa akuone ukiwa umeshika nini. Usihangaike sana na kufanana. Pua ikipinda, ipinde. Ukishampata huyo mtu mmoja, mambo ya mkao, mavazi na rangi utayaamua kwa urahisi zaidi.

Ukimaliza ya kwanza nitumie, hata kama hukuipenda.

Ni mimi,
Mama yako